Maua gani paa na mbuzi hawayali? Niko ng'ambo ya Mto Pangani

Mnazi Mkinda (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nina kiwanja kidogo ng'ambo ya mto hapa Pangani, njia ya kwenda Ushongo. Nyumba imekwisha, sasa nataka mbele ya baraza papendeze. Shida ni walaji. Mchana mbuzi wa majirani wanapita kama wana hati ya kiwanja, usiku wanatoka paa kwenye kichaka cha nyuma. Mawaridi yamebaki vijiti. Hibiskasi wameimaliza mpaka ganda. Ukuta kwa sasa sina uwezo nao.

Naomba mnitajie mimea ambayo hawa jamaa hawaili, inayovumilia mchanga na upepo wa chumvi, na niipate bila kwenda mbali zaidi ya Tanga mjini. Nina watoto wadogo, na hilo mlizingatie.

Chapa Nyundo

Andika kila waridi lililoliwa kwenye daftari. Idi ikifika unamdai jirani paja.

Zigua Halisi

Mwarobaini mkuu. Mchungu ule nani ataugusa? Zungushia kiwanja kizima, tufunge uzi.

Mzee wa Mlingano

Zigua, hapo nakupinga. Mwarobaini mbuzi anakula, tena kiangazi kikikolea anasimama kwa miguu ya nyuma kufuata majani ya juu. Uchungu unaoutegemea ni wa ulimi wako wewe. Mbuzi anavumilia uchungu kuliko ng'ombe, na paa kwa ulaji ni mwenzake: wote ni wala majani ya vichaka, kazi yao kutwa ni kuchagua hili na kuacha lile.

Mleta uzi, usianze na orodha ya mtu, hata yangu. Mwishoni mwa kiangazi, vuli haijaanza, nenda pale mbuzi wa kijiji wanapochungiwa ukaangalie kilichobaki. Huku kwetu Muheza utakuta nyasi zimekwisha, mlusina umepukutishwa mpaka matawi, lakini mbono kaburi umesimama hauna alama ya jino, mnyaa haujaguswa, kivumbasi kipo kando ya njia, mshubiri upo, na vinka ya maua ya pinki imechanua kwenye mchanga mtupu. Orodha yako ndiyo hiyo, na walioiandika ni mbuzi wenyewe.

Halafu kabla hujamsingizia paa, tazama jeraha. Mbuzi, paa, pongo, wote hawana meno ya mbele upande wa juu, wana ufizi mgumu tu. Kwa hiyo hawakati. Wanabana na kuvuta, kijiti kinabaki kimechanika na nyuzi zinaning'inia. Ukikuta kimekatwa mshazari, safi, hakina nyuzi, huyo ni sungura na dawa yake ni nyingine.

Mnazi Mkinda

Nimetoka kuangalia na tochi sasa hivi. Nyuzi zinaning'inia. Na kweli kuna ngazi mbili: vijiti vilivyochanwa chini ya usawa wa goti, na vingine juu karibu na kifua changu. Shukrani mzee, sikuwahi kutazama hivyo.

Mzee wa Mlingano

Za chini ni paa, za juu ni mbuzi. Ingawa mbuzi na za chini hakuachii.

Fundi Bustani Raskazone

Mimi nina kitalu hapa Tanga, mteja wa namna hii napata kila wiki, kwa hiyo nitasema ninayoyauza na nisiyoyauza.

Vinka kwanza. Asili yake Madagaska, jua na chumvi haviisumbui, ikishashika inajimwaga mbegu yenyewe na mwaka wa pili hununui tena. Uchungu wake si wa mchezo, ndani yake ndimo walimotoa dawa za saratani, vinkristini na vinblastini. Kwa hiyo si mmea wa kutafuna, mtu wala mnyama, na watoto waambiwe. Kosa la wengi ni kuimwagilia kila jioni, shina linaoza. Mchanga wako huo ndio inaoutaka.

Krotoni ni ya pili. Hii watu wanaidharau kwa sababu ipo kila ofisi ya serikali, lakini iulize kwa nini ipo: majani yana rangi mwaka mzima na utomvu unawasha mdomo, mbuzi anaonja mara moja anaondoka. Udhaifu wake ni chumvi. Ikipigwa na kusi moja kwa moja kingo za majani zinaungua. Iweke ubavu wa nyumba uliokingwa.

Msanapichi, wengine wanauita franjipani. Tawi tu linatosha, na majirani watakupa bure. Likate, liache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, ndipo ulichomeke. Ukilipanda na utomvu mbichi linaoza chini, halafu unakuja kunilaumu mimi.

Taji la miiba nalipendekeza kwa mipaka ya njia. Maua mekundu madogo, miiba kuanzia chini mpaka juu, na maziwa yake yanawasha. Paa anapita pembeni. Alamanda ya njano nayo ina utomvu mbaya na inaparamia vizuri kwenye nguzo za baraza.

Sasa bogenvilia. Kila mtu anadhani miiba itaisaidia. Mbuzi anajua kuchambua machipukizi katikati ya miiba vizuri kuliko wewe na mkasi wako. Ikishakuwa mti mkubwa inastahimili, ikiwa mche haivuki wiki. Ukiitaka, ilinde mpaka ikupite urefu.

Zigua Halisi

Sawa, mwarobaini mmenikatalia. Mvuti, yaani lantana, je? Hakuna asiyejua kwamba mvuti hauliwi, na maua yake rangi rangi. Bure kabisa, upo kila shamba lililotelekezwa.

Daktari Mifugo

Naomba niingie hapo. Mvuti unaharibu ini la mnyama. Ng'ombe au mbuzi aliyekula wa kutosha macho yanakuwa ya njano, halafu ngozi isiyo na manyoya mengi, puani na masikioni, inababuka akikaa juani. Nimewaona. Na mara nyingi si mbuzi wa kijiji hichohicho. Ni wale walionunuliwa mnadani wakaletwa kutoka mbali, hawaujui mmea, wamefika na njaa. Kwa hiyo "hauliwi" ina maana hauliwi na anayeujua.

Na kabla hajatokea mtu wa kutaja oleanda nimtangulie. Mmea mzuri, chumvi haiuwezi, unachanua karibu mwaka mzima, na ukiwa mbichi mtini mbuzi anaupita. Lakini sumu yake ni ya moyo na ipo kila mahali: jani, ua, shina. Jani likikauka sumu inabaki palepale. Maafa hutokea siku ya kupogoa. Mtu anakata matawi, anayarusha nje ya uzio, yananyauka, ule ukali wa ladha unapungua, mbuzi wa jirani anakuta majani laini yamelala chini. Kesho yake mmekaa kwa mwenyekiti wa kitongoji mnajadili bei ya mbuzi wanne. Kuyachoma nako si jibu, moshi wake una madhara. Mwenye oleanda achimbe shimo afukie kila anachokata. Mwenye watoto wadogo na majirani wenye mbuzi, mimi namshauri asiwe nayo kabisa.

Mzee wa Mlingano

Naongeza juu ya mvuti: ukishautia kiwanjani, ndege wanakula tunda wanakupandia kwa majirani wote. Sisi wa huku milimani tuna mfano mkubwa. Mjerumani alifungua kituo cha Amani mwaka 1902, akaleta miti na vichaka kutoka kila pembe ya dunia kufanya majaribio, na mpaka leo msitu wa Usambara Mashariki unahangaika na msizi na mingine iliyotoroka bustanini. Mmea usioliwa na yeyote na unaozaa ovyo si wa kumwachia mtu kiwanja cha pwani.

Mbondei wa Baltimore

Salamu kutoka Maryland ndugu zangu, nimezaliwa Muheza. Hapa mlaji ni kulungu wa mkia mweupe. Si jamaa wa karibu wa paa wetu, pembe za dume huanguka kila mwaka zikaota upya, lakini ugomvi na wenye bustani ni huohuo. Tulipu anakula kama zimepandwa kwa ajili yake, hosta anakula, waridi usiseme. Nasisi haigusi kwa sababu kitunguu chake na majani vina sumu. Lavenda anaipita kwa harufu.

Kilichonisaidia kuelewa ni orodha ya Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey. Wameipanga mimea kwa madaraja manne, kuanzia ile inayodhurika kwa nadra mpaka ile inayodhurika vibaya mara kwa mara. Daraja la "haliwi kamwe" hawakuweka. Watu wenye kulungu uani kila usiku wamekataa kuahidi hilo, kwa hiyo mtu akikuuzia mche na kukuapia kwamba hauliwi, mwangalie usoni.

Jambo jingine la huku: mche uliotoka kitaluni juzi unaliwa hata kama ni wa aina inayopitwa ikikomaa. Umenyweshwa maji, umelishwa mbolea, majani laini, dawa zake chungu bado chache.

Zigua Halisi

Mkuu nasisi na lavenda zitaota Pangani? Tuletee za kwetu.

Fundi Bustani Raskazone

Lavenda hapa inakufa kwa unyevu, nimejaribu kuiuza na nimeacha. Lakini hilo la mche laini ni kweli tupu na linanihusu mimi mwenye kitalu. Wateja wanataka miche ya kijani kibichi inayong'aa, sisi tunaipa yurea ing'ae. Ikifika kiwanjani ndiyo inayoliwa ya kwanza. Mkinda ukija kununua, chagua ile iliyodumaa kidogo, yenye shina gumu. Sitakuchukia.

Bi Kirembo

Wanangu, mmetaja sumu tupu, mtu akisoma atadhani mnapanda duka la dawa. Harufu mmeisahau. Paa anaishi kwa pua. Kitu chenye harufu kali kinamchanganya, hata kama hakina madhara.

Kwangu Pangani mjini, kuzunguka ngazi nimeweka mrehani, kivumbasi na mchaichai. Mbuzi wanapita hapo kila asubuhi wakienda jaani, hawasimami. Mnanaa nao hawautaki, ila unataka kivuli na maji. Kivumbasi jioni unachoma kidogo mbu wanakimbia, mchaichai unatia kwenye chai, mrehani unajua mwenyewe wanawake wa pwani tunaufanyia nini. Na mtoto akivunja jani akalitia mdomoni huna haja ya kukimbia hospitali. Mwenye watoto aanze na hizi karibu na mlango, hizo za maziwa na miiba ziende mbali.

Asumini mbuzi wanakula, msidanganyane. Yangu nimeipandisha kwenye kichanja barazani, na shina nimelizungushia taji la miiba la huyo fundi.

Na ukitaka kitu cha upande wa bahari, mkadi. Ni wa kwetu, unaota ufukweni bila kubembelezwa, kingo za majani zina miiba kama msumeno kwa hiyo hauchezewi na mbuzi. Ua lake ukiliweka kwenye sanduku la kanga mwaka mzima hulisahau. Unakuwa mkubwa lakini, usiuweke chini ya dirisha.

Msanapichi sina ugomvi nao, ila uulize wazee wa nyumba kwanza. Wapo wasioutaka uani kwa kuwa wameuzoea makaburini.

Mnazi Mkinda

Bi Kirembo, shikamoo na ahsante sana. Mrehani na kivumbasi mke wangu ameshavikubali kabla sijamaliza kusoma. Mkadi sikuwahi kuufikiria kama wa bustani.

Swali: nje kabisa, mpakani na kichaka, niweke nini? Minyaa au mkonge? Tuko mahali pake, au sio.

Zigua Halisi

Mkonge! Hapa hakuna wa kunipinga. Mjerumani Richard Hindorf alileta vikonyo, yaani miche midogo ya mkonge, kutoka Florida mwaka 1893, vingi vikafa njiani, vikabaki 62 tu vikapandwa Kikogwe, hapohapo Pangani. Mashamba yote ya Tanga yalitoka hapo. Mkinda ukipanda kitu kingine mpakani utakuwa umewakosea heshima.

Chapa Nyundo

Zigua leo kapata moja.

Fundi Bustani Raskazone

Kapata nusu. Mkonge hauliwi na unavumilia ukame, mbuzi na ng'ombe wanauzuia vizuri ukishashikana. Mambo mawili. Ncha ya jani ni mwiba mweusi mgumu, na urefu wake unakuja usawa wa jicho la mtoto. Ukate ncha zote kwa mkasi mara majani yanapofikia urefu huo, na usiupande penye njia ya watoto. La pili, mkonge chini una nafasi. Paa harukii, anainama na kupenya. Katikati ya mashina weka taji la miiba au mshubiri, au funga chini kwa matawi ya mgunga yaliyokauka.

Mbondei wa Baltimore

Huku ni kinyume, kulungu anaruka mpaka mita 2.4, uzio mfupi ni mapambo tu. Kwenu shida ipo chini. Afadhali, chini ni rahisi kuziba.

Daktari Mifugo

Na minyaa? Mbuzi haigusi, ni uzio wa asili wa nchi nzima hii, inaota kwa tawi. Lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni maumivu makali na yanaweza kuharibu uono kwa siku kadhaa. Watoto wanaivunja kuchezea. Ikitokea, osha jicho kwa maji safi mengi, muda mrefu, msitie dawa ya kienyeji wala maziwa ya mtu, nendeni zahanati. Ukiikata vaa miwani na uikate ukiwa na upepo mgongoni. Kwa mwenye watoto wadogo, mimi naiweka chini ya mkonge kwenye orodha.

Na nisisitize kwa wasomaji wengine wa uzi huu, maana nimepata ujumbe wa mtu anauliza sumu ya kuweka. Paa ni wa serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani, kumtega au kumuua bila kibali ni kosa, hata kama amekula waridi lako. Ukiwa karibu na Saadani ndiyo usijaribu kabisa. Wa kule Mkwaja wanaishi na pongo na kuro mlangoni na bustani wanazo.

Mzee wa Mlingano

Kwa miche michanga, kabla haijakomaa, chukua samadi mbichi, ikoroge na maji iwe uji mwepesi, chuja, nyunyizia majani. Mnyama hapendi kula jani lenye harufu ya kinyesi, hasa cha mwenzake. Wafugaji wanapaka miche ya miti hivyo tangu zamani. Mvua ikinyesha inaosha, unarudia. Usipake mboga unazokula mbichi.

Chapa Nyundo

Sasa mgeni anaingia barazani anavuta hewa apate mrehani, anakutana na uji wa mzee. Hongera kwa bustani.

Mbondei wa Baltimore

Huku tunanyunyizia yai viza lililokorogwa na maji. Usicheke, dawa nyingi za dukani za kufukuza kulungu zimetengenezwa kwa mayai yaliyooza, harufu hiyo inamwambia mnyama pana mlaji nyama. Baada ya kukauka mtu hasikii sana, mnyama anasikia. Ni ileile: mvua ikinyesha unarudia.

Bi Kirembo

Yai viza barazani kwangu, astaghfirullah.

Mnazi Mkinda

Nimepata mwanga mkubwa. Naona nipange hivi: karibu na mlango mrehani, kivumbasi, mchaichai, mbele vinka, ubavuni krotoni, upande wa bahari mkadi, nje mkonge na taji la miiba chini yake. Nianze lini? Nina hamu ya kuanza wiki hii.

Fundi Bustani Raskazone

Wiki hii hapana, kiangazi hiki kila mnyama ana njaa na chako ndicho kitakuwa kijani pekee. Anza na mkonge na miiba sasa, hivyo havihitaji kubembelezwa. Vingine vyote subiri mvua za kwanza za masika. Kichaka kikichipua paa wanapata chakula chao huko, hawana haja ya kujaribu kitu kigeni, na miche yako inapata miezi ya kushika mizizi kabla jua halijarudi. Hibiskasi kama huwezi kuishi bila hiyo, itie kwenye chungu kikubwa juu ya baraza, mbuzi asikopanda.

Zigua Halisi

Mbuzi wa wapi huyo asiyepanda barazani?

Fundi Bustani Raskazone

Basi funga geti la baraza.

Mwana Mwera

Nasoma kimya tangu jana. Mkinda, mimi niko Mwera, jirani yako. Nina ua wa krotoni wa zamani, wa rangi tatu, napogoa kila masika na kutupa. Vipando njoo uchukue bure, usinunue. Vikonyo vya mkonge navyo vipo nyuma ya shamba, hivyo chukua hata kesho. Kwa krotoni njoo mvua ikianza, asubuhi jua halijawa kali, uje na ndoo yenye maji kidogo na gunia la kufunika, pikipiki inavikausha njiani. Na glavu, ule utomvu unatia madoa kwenye nguo hayatoki.

Mnazi Mkinda

Jirani, ahsante sana. Nimekutumia ujumbe pembeni. Vikonyo nakuja Jumamosi.